Dawa Iliyomo Mwilini: Damu na Uboho katika Kuziba Pengo la Mfupa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hutumiwa aghalabu kumliwaza mtu aliyepatwa na hasara. Hata hivyo, katika eneo la Saboti, kwenye miteremko ya Mlima Elgon karibu na mji wa Kitale, kinachovunjika mara nyingi si koleo bali ni mguu wa mwenye koleo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za bodaboda zimetapakaa katika njia za mashambani za Trans Nzoia na Bungoma. Hubeba magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa, wanafunzi na wagonjwa, zikitoka vijijini hadi kwenye barabara kuu iendayo Webuye kupitia Kiminini na Kamukuywa. Pikipiki inapogongwa au kuteleza, mguu wa dereva ndio hutangulia kukutana na lami.

Msomaji achukue mfano wa kijana mmoja wa kubuni, mwenye umri wa miaka 24, ambaye kazi yake ni kuendesha bodaboda kati ya Saboti na Kitale. Jioni moja anagongwa. Mfupa wake wa muundi unavunjika, unatoboa ngozi, na kipande chenye urefu wa sentimita mbili hivi kinapotelea barabarani. Hospitalini kidonda kinasafishwa, mguu unafungwa vyuma, na kijana anaambiwa angoje. Anangoja miezi mitatu, kisha sita, kisha tisa. Picha ya eksirei inaonyesha ncha mbili za mfupa zikitazamana kama kingo za mto usio na daraja. Pikipiki imeuzwa, karo ya wadogo zake haijalipwa, na jirani mmoja amekwisha kumshauri akatwe mguu yaishe, ilhali mwingine anamsifia kliniki fulani ya mjini inayodunga "damu iliyosafishwa" ambayo, kwa madai yake, huotesha mfupa.

Je, kuna ukweli gani katika dai hilo? Makala hii inanuia kufafanua namna majimaji ya asili ya mwili, yaani damu, utegili na uboho, yanavyosaidia kuponya mfupa uliopungukiwa na sehemu yake. Inabainisha pia mipaka ya tiba hizo. Kauli kuu ni kwamba dawa ya mfupa kwa hakika imo mwilini mwa mgonjwa, lakini dawa hiyo hufanya kazi pale tu inapoandaliwa mahali pa kufanyia kazi.

Jinsi mfupa unavyojiunga

Mfupa ni miongoni mwa viungo vichache vya mwili vinavyoweza kupona bila kuacha kovu. Ngozi ikikatika, huzibwa na kovu lisilofanana na ngozi ya awali. Mfupa ukivunjika na kuunga barabara, baada ya miaka michache huwa vigumu hata kwa mtaalamu kutambua ulipovunjikia.

Safari hiyo huanza na damu. Mfupa unapovunjika, mishipa iliyomo ndani yake na ile inayouzunguka hukatika, na damu hujaa mahali pa mvunjiko. Damu hiyo huganda na kuwa bonge. Katika siku za mwanzo, bonge hilo huziita seli za ulinzi, ambazo huondoa uchafu na tishu zilizokufa. Huu ndio wakati wa uvimbe, joto na maumivu. Katika wiki ya pili na ya tatu, mahali pa bonge huchukuliwa na tishu laini iliyochanganyika na gegedu, mfano wa ile inayopatikana puani na sikioni. Gegedu hilo huzishika ncha za mfupa, ingawa haliwezi bado kuubeba uzito wa mwili. Kuanzia yapata wiki ya nne hadi ya kumi na mbili, madini ya chokaa hujipanga humo na gegedu kugeuka kuwa mfupa mchanga. Baada ya hapo mwili hufanya kazi ya seremala kwa miezi na hata miaka: hupunguza palipozidi, huongeza palipopungua, na kuurejeshea mfupa umbo lake.

Mivunjiko mingi hupitia hatua hizi bila tatizo. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba kati ya mivunjiko 100, mitano hadi kumi huchelewa kuunga au hukataa kabisa. Wataalamu wengi huhesabu kuwa mfupa umekataa kuunga iwapo miezi tisa imepita tangu kuvunjika, na katika mitatu ya mwisho hapakuonekana dalili yoyote ya maendeleo. Mfupa wa muundi ndio unaosumbua sana kwa sababu upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi pekee. Hauna nyama nyingi za kuupa damu wala za kuukinga.

Shamba, mbegu na mbolea

Ili kuelewa kwa nini mfupa mmoja huunga na mwingine hukataa, yafaa kuazima mfano kutoka mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, eneo ambalo Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mwaka wa 1956. Mkulima wa Saboti anajua kwamba mavuno hayaletwi na kitu kimoja. Pana udongo, mbegu, mbolea na maji, na pana ua wa kuzuia ng'ombe wasikanyage miche. Kimoja kikikosekana, jitihada ya vingine hupotea.

Mfupa nao una mahitaji matano yanayofanana na hayo. Udongo ni kiunzi, yaani kitu kinachojaza nafasi kati ya ncha za mfupa ambapo seli zinaweza kushika na kutambaa. Mbegu ni seli zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa. Mbolea ni protini maalumu zinazoziamuru seli hizo zizaane, zisogee na zianze kujenga. Maji ni mishipa ya damu inayoleta hewa ya oksijeni na chakula. Ua ni uthabiti: ncha za mfupa zisichezecheze kupita kiasi, la sivyo miche ya mfupa mpya hukatwa kila siku inapochomoza. Mnamo 2007 daktari Peter Giannoudis na wenzake waliyaweka mengi ya mahitaji haya katika mfumo mmoja, wakisisitiza kwamba uthabiti una uzito sawa na seli na protini.

Kwa muktadha huu, pengo la mfupa ni shamba lililopoteza udongo wake. Pengo dogo mwili hulivuka wenyewe. Lakini iwapo mfupa umepotea kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, na upotevu huo umekula zaidi ya nusu ya mzingo wake, kwa kawaida mwili hauwezi kulivuka bila msaada, hata kama mgonjwa ni kijana mwenye siha njema. Hapo ndipo yanapoingia majimaji ya mwili, kila moja likiwa na nafasi yake katika shamba hili.

Damu iliyoganda: dawa ya kwanza

Watu wengi huliona bonge la damu kuwa uchafu. Kwa hakika ndilo tiba ya kwanza, nalo hutolewa bure. Bonge hilo ni udongo, kwa maana nyuzi zake za protini hutengeneza wavu ambamo seli hutambaa. Aidha, ni mbolea, kwa kuwa limesheheni protini za kuamsha ujenzi. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yalionyesha kwamba bonge la damu likiondolewa siku chache baada ya mvunjiko, mfupa unaoota huwa dhaifu.

Jambo hili si geni kwa yeyote aliyewahi kung'olewa jino. Daktari wa meno humwonya mgonjwa asisukutue kwa nguvu wala asinyonye kwa mrija siku ya kwanza. Sababu yake ni kwamba damu iliyoganda kwenye tundu la jino ndiyo itakayoongoza mfupa wa taya kulijaza tundu hilo. Bonge likitoka mapema, mfupa hubaki uchi, na maumivu yake humnyima mtu usingizi.

Kutokana na hili, mambo mawili yanabainika. Kwanza, mvunjiko ambao haujatoboa ngozi haupaswi kukandwa. Mikono ya mkandaji, hata iwe na nia njema kiasi gani, hulivuruga bonge, huzisogeza ncha za mfupa na huweza kukata mishipa iliyosalimika. Waunga mifupa wa jadi wanaofunga magango na kuuacha mguu utulie wanaenda sambamba na maumbile. Wanaoukanda kila asubuhi kwa maji moto wanapingana nayo, na wanaokaza magango kupita kiasi huweza kuuzuia mguu kupata damu hadi ukafa.

Pili, inaeleweka sasa kwa nini mvunjiko uliotoboa ngozi huchelewa kupona. Damu nyingi humwagika nje, kwa hiyo bonge halijengeki. Juu ya hayo, daktari hana budi kulisafisha jeraha kwa maji mengi na kukata tishu zilizokufa, kwani vumbi na kinyesi cha mifugo kilichoingia humo huzaa usaha. Usafishaji huo ni wa lazima, lakini huondoa pia bonge lenye manufaa. Mgonjwa huokolewa na maambukizi huku akiachwa na shamba tupu. Ni kutokana na hali hii ambapo wataalamu walianza kujiuliza: je, kilichoondoka hakiwezi kurudishwa?

Utegili wenye vigandisha damu

Damu ikitiwa katika kichupa na kuzungushwa kwa kasi katika mashine, hujitenga kwa tabaka, kama vile maziwa yanavyotengana na malai katika mashine ya maziwa. Chembe nyekundu, ambazo ni nzito, hushuka chini. Katikati hubaki utando mwembamba wa chembe nyeupe. Juu hukaa utegili, yaani majimaji yenye rangi ya manjano ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Vigandisha damu, ambavyo ni vijipande vidogo mno vya seli vyenye kazi ya kuzuia damu kuvuja, hukusanyika karibu na utando ule wa katikati.

Katika damu ya kawaida, mikrolita moja huwa na vigandisha damu kati ya 150,000 na 450,000. Mtaalamu akichukua tabaka lenye vigandisha hivyo na kupunguza utegili wa ziada, huweza kupata takriban 1,000,000 katika kipimo hicho hicho. Umuhimu wake ni kwamba kila kigandisha kimebeba vifuko vya protini za ukuzaji. Kinapoamshwa, hufungua vifuko hivyo na kuzimwaga protini. Kwa lugha ya shamba, utegili huu ni mbolea.

Mnamo 1998 daktari Robert Marx wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 88 waliopungukiwa na mfupa wa taya. Wote walipandikiziwa mfupa wao wenyewe, lakini baadhi waliongezewa utegili wenye vigandisha vingi. Mfupa wa hao walioongezewa ulikomaa upesi zaidi na ukawa mzito zaidi. Miaka mitatu baadaye, mnamo 2001, Joseph Choukroun na wenzake wa Ufaransa walieleza njia nyepesi zaidi: damu huzungushwa mara moja bila kutiwa dawa ya kuizuia isigande, na matokeo yake ni kipande laini cha utando ambacho daktari wa meno anaweza kukiweka moja kwa moja kwenye pengo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya habari hizo kuenea, utegili ulianza kutangazwa kuwa tiba ya kila kitu, kuanzia magoti yanayouma hadi upara. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka wa 2012 chini ya mtandao wa Cochrane yalichunguza matumizi yake katika mifupa mirefu ya watu wazima, kama ule wa muundi. Wachunguzi walipata utafiti mmoja tu mdogo uliokidhi masharti yao, nao haukutosha kuthibitisha kwamba tiba hiyo ina faida. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba wagonjwa wa Marx walikuwa wamepandikiziwa mfupa. Utegili uliongezwa juu ya udongo na mbegu, haukuchukua nafasi yake. Hakuna mkulima wa Kiminini anayemwaga mbolea juu ya mwamba akatarajia mahindi.

Uboho: mbegu zenyewe

Ikiwa utegili ni mbolea, basi uboho ni mbegu. Uboho ni ile tishu laini yenye majimaji iliyomo ndani ya mifupa, ambayo wapenda supu ya mifupa wanaifahamu vyema. Kwa mtu mzima, uboho mwekundu hupatikana kwa wingi katika mfupa wa nyonga. Humo mna seli chache lakini zenye thamani kubwa, ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa.

Kwa miaka mingi, njia iliyoaminika zaidi ya kuziba pengo imekuwa kukata vipande vya mfupa wa nyonga ya mgonjwa na kuvipandikiza palipopungua. Njia hii huleta udongo, mbegu na mbolea kwa pamoja, na hadi leo ndiyo kipimo ambacho tiba nyingine hulinganishwa nacho. Ila huhitaji upasuaji wa pili, na baadhi ya wagonjwa husumbuliwa na maumivu ya nyonga kwa muda mrefu.

Wapo waliojiuliza iwapo mbegu haziwezi kuchukuliwa bila kuchimba shamba lote. Mwaka wa 1991, John Connolly na wenzake nchini Marekani waliripoti wagonjwa 20 wenye miundi iliyokataa kuunga, ambao walidungwa uboho wao wenyewe kwa sindano. Kwa 18 kati yao mfupa uliunga. Nchini Ufaransa, Philippe Hernigou na wenzake walichapisha mwaka wa 2005 matokeo ya wagonjwa 60. Uboho wao ulivutwa kutoka nyonga, seli zake zikakolezwa kwa mashine, kisha mililita 20 zikadungwa mahali pa mvunjiko. Miundi 53 iliunga. Saba iliyokataa ilikuwa imepokea uboho wenye seli chache zaidi. Funzo lake ni wazi: kiasi cha mbegu kina maana kuliko kiasi cha majimaji.

Namna ya kuvuta uboho ina umuhimu vilevile. Mwaka wa 1997, George Muschler na wenzake wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba ukivuta uboho mwingi kutoka tundu moja, unachopata baada ya mililita za kwanza ni damu ya kawaida iliyoingia kujaza nafasi. Walipendekeza mililita mbili tu kwa kila mvuto, kisha sindano ihamishiwe mahali pengine. Haba na haba hujaza kibaba, na katika suala hili haba iliyotoka mahali pengi ni bora kuliko kibaba kilichotoka mahali pamoja.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani pekee. Mwaka huo huo wa 1997, L. N. Gakuu, daktari wa mifupa wa Nairobi, alichapisha katika jarida la East African Medical Journal makala iliyohusu kudunga uboho mbichi wa mgonjwa mwenyewe kama njia mbadala ya upandikizaji wa kawaida, kwa mivunjiko inayochelewa au inayokataa kuunga. Uboho ukitumiwa ukiwa mbichi, hauhitaji mashine ya kuzungusha. Kinachohitajika ni chumba safi cha upasuaji, ganzi, sindano imara, bomba la sindano na mkono wenye ujuzi. Kwa hospitali isiyo na vifaa vya fahari, tofauti hii ni kubwa.

Hata uboho una mipaka yake. Kwa kuwa ni majimaji, hauwezi peke yake kujaza pengo pana, maana hutiririka na kupotea. Hufaa pale ncha za mfupa zinapokaribiana, zinaposhikwa imara, na pasipo usaha. Mahali penye maambukizi, mbegu hazioti.

Pengo likiwa kubwa

Kwa pengo la sentimita kadhaa, kama la kijana aliyetajwa mwanzoni, majimaji huwa msaidizi wa upasuaji. Miongoni mwa mbinu zinazofaa nchi zetu ni ile iliyoanzishwa na daktari Alain-Charles Masquelet wa Ufaransa katika miaka ya 1980. Kwanza pengo husafishwa na kujazwa saruji maalumu ya kitabibu. Kwa muda wa wiki sita hadi nane, mwili huizungushia saruji hiyo utando wenye mishipa mingi ya damu. Kisha daktari huupasua utando kwa uangalifu, huitoa saruji, huijaza nafasi hiyo kwa vipande vya mfupa wa nyonga na kuufunga tena. Jambo la kustaajabisha ni kwamba utando wenyewe hutoa protini za kuotesha mishipa na mfupa. Saruji ambayo haina uhai huufanya mwili utengeneze mfuko wa kutunzia mbegu.

Mbinu nyingine ni ya Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan nchini Urusi, aliyeanza kutumia fremu ya pete za chuma katika miaka ya 1950. Mfupa mzima hukatwa mahali palipo na afya, na kipande chake husogezwa polepole, milimita moja kwa siku, kuelekea kwenye pengo. Nyuma yake mwili hujaza mfupa mpya. Hapa tena damu ndiyo mjenzi, na fremu ni ua tu.

Kuhusu ua, msaada mkubwa umetoka kwa shirika la SIGN lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka wa 1999. Shirika hilo hutoa misumari ya kupitishwa ndani ya mfupa ambayo imebuniwa ili iweze kutiwa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, nayo imetumika katika hospitali kadhaa nchini Kenya. Bila uthabiti wa namna hiyo, uboho wote wa dunia hauwezi kuunga muundi unaocheza.

Maana yake kwa mgonjwa wa Saboti

Mgonjwa wa Saboti anaweza kufikishwa Kitale kwa muda mfupi. Wa Chwele au Kimilili huelekea Bungoma. Kesi ngumu hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, yapata kilomita 70 kutoka Kitale. Kwa yote yaliyoelezwa, safari hii ina mambo manne ya kuzingatia.

Mosi, saa za mwanzo ndizo zenye uzito. Mvunjiko uliotoboa ngozi ufunikwe kwa kitambaa safi, mguu ufungwe magango bila kukazwa mno, na mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Viuavijasumu vinapaswa kuanza mapema, ikiwezekana katika saa ya kwanza. Jivu, majani yaliyopondwa au mafuta ya taa yasitiwe kwenye jeraha. Usaha ukishaingia mfupani, hakuna majimaji ya mwili yatakayoushinda kwa urahisi.

Pili, mgonjwa asitelekeze miadi ya kliniki. Mfupa unaochelewa ukigunduliwa katika mwezi wa nne au wa sita, unaweza kusaidiwa kwa njia nyepesi kuliko ule uliosahaulika kwa miaka miwili.

Tatu, uvutaji wa sigara na ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa hupunguza damu inayofika mfupani. Chakula nacho kina nafasi yake. Maharagwe, mayai, maziwa na omena si anasa kwa mtu anayejenga mfupa.

Nne, anayeahidiwa "damu iliyosafishwa" ana haki ya kuuliza maswali. Je, mfupa wangu umeshikwa imara? Je, kuna usaha? Pengo lina upana gani? Utegili huu utatiwa pamoja na kipandikizi, au utatiwa peke yake? Ni kweli kwamba damu ya mgonjwa mwenyewe haimletei ugonjwa wa mtu mwingine. Lakini vifaa vichafu vyaweza kuuleta, na fedha zikiisha kwenye sindano isiyo na faida, hazitabaki za kulipia upasuaji unaohitajika.

Nafasi ya Kiswahili

Suala hili lina upande wa lugha pia. Mgonjwa akiambiwa kwa Kiingereza kwamba mfupa wake umekataa kuunga, huondoka na karatasi asiyoielewa, na anayemwelewesha huwa ni mtu wa kwanza anayezungumza lugha yake, awe mkweli au tapeli. Ilhali Kiswahili hakikosi msamiati. Uboho, gegedu, muundi, gango na ganzi ni maneno ya kale yaliyotumiwa na wachinjaji, waganga na wakunga kabla ya hospitali kujengwa. Utegili na kigandisha damu ni istilahi zilizobuniwa na wataalamu wa lugha, nazo zinaeleweka mara tu zinapofafanuliwa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia maneno hayo wodini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti ataipata kwenye vitanda vya wagonjwa wa mifupa, ambako neno moja likieleweka laweza kuokoa mguu.

Hitimisho

Imebainika kwamba majimaji ya mwili si uganga wala si muujiza. Bonge la damu ni dawa ya kwanza isiyostahili kuvurugwa. Utegili ni mbolea yenye ushahidi wa kutia moyo katika taya, lakini ushahidi huo bado ni haba katika mifupa mirefu. Uboho ni mbegu ambayo tafiti za Marekani na Ufaransa zimeonyesha faida yake, na ambayo iliandikiwa hapa Kenya tangu mwaka wa 1997. Yote matatu huhitaji shamba safi, lenye damu na ua imara.

Kijana wa bodaboda anayeangalia picha yake ya eksirei katika mwezi wa tisa, kwa hivyo, hana sababu ya kukimbilia msumeno wala ya kuuza shamba la baba yake kwa ajili ya sindano moja. Aulize iwapo usaha umeondolewa, iwapo mfupa umeshikwa, na iwapo nyonga yake mwenyewe haiwezi kutoa kile ambacho muundi wake umekikosa. Huenda daktari akampa jibu jema, kwa sharti kwamba atangoja miezi mingine kadhaa. Kawia ufike, walisema wahenga, na mfupa haujawahi kuwakana.